Tetea au jogoo? Usiandike "matetea" kwenye tangazo kabla hujakagua manyoya

Leo naongea na wale wanaouza kuku mtandaoni: wewe mwenye banda la nyuma ya nyumba, unapiga picha, unaweka status, mteja analipa kwa simu, kuku wanapanda basi. Nina jambo moja tu la kusema, ila maelezo yake ni marefu kidogo: neno "matetea" usiliweke kwenye tangazo kabla hujakagua manyoya. Sio upanga, manyoya. Mimi nililijua hili baada ya kulipa.

Mwaka juzi nilimuuzia mama mmoja wa Dodoma chotara 20 wa wiki saba, kila mmoja 13,000. Tangazo langu lilisema "MATETEA WATUPU, wamechanjwa, wanakula vizuri". Yeye alikuwa amekopa kwenye kikoba ili aanze biashara ya mayai, na alinieleza kabisa kwenye simu: "Mwanangu, mimi nataka wa mayai, majogoo sina haja nao." Nikamjibu mama usijali. Akalipa yote, na ya usafiri juu. Kuku wakafika wote hai, akashukuru, nikapiga picha ya meseji yake ya shukrani nikaiweka status kama tunavyofanya wote.

Miezi miwili baadaye naletewa sauti WhatsApp. Hakugomba. Alianza na salamu, akauliza habari za nyumbani, halafu akasema: "Sasa mwanangu, hebu wasikilize mwenyewe." Akanyamaza. Nikasikia jogoo anawika. Akafuata mwingine. Halafu wa tatu, ile sauti ya kukwaruza ya kijogoo anayejifunza. Akamalizia: "Hawa ndo matetea wako. Nimehesabu tisa."

Tisa kati ya 20. Na rejesho la kikoba halijui kuwika.

Sikuwa nimemdanganya kwa makusudi, na hapo ndipo penye somo. Ningekuwa tapeli nisingekuwa na cha kuwafundisha. Mimi niliamini kabisa wale ni matetea, kwa sababu nilitumia njia ambayo wengi wetu tunaitumia: nilitoa wote wenye upanga mkubwa mwekundu, waliobaki nikawaita matetea.

Tuangalie kosa lilikuwa wapi.

Nilianza na vifaranga 60 wa mchanganyiko. Wawili wakafa, wakabaki 58. Wiki ya saba nikatoa 18 ambao upanga ulikuwa umeshapanda na kuwa mwekundu. Wakabaki 40, nikawatangaza wote. Sasa chukua kalamu. Vifaranga wa mchanganyiko hutotolewa karibu nusu kwa nusu. Haiwi kamili kila mara, kundi moja linaweza kuyumba huku au huku, lakini kwenye 58 ulipaswa kutegemea majogoo kama 29. Mimi nilitoa 18. Wengine kama 11 walikuwa wapi? Walikuwa palepale, ndani ya wale 40, wananiangalia. Hesabu ya darasa la tatu ingeniokoa. Wale 20 waliobaki kwangu nao wakatoka majogoo wanne zaidi, kwa hiyo jumla walikuwa 31.

Kwa hiyo kabla hujamshika kuku hata mmoja, fanya hesabu hiyo kwanza. Kama umetoa majogoo wachache sana kuliko nusu, usifurahie kwamba una bahati ya matetea. Uwezekano mkubwa ni kwamba majogoo wengine bado hawajajionyesha.

Hapa nataka uelewe kitu kimoja vizuri, maana ndicho kinachotuumiza. Upanga kupanda mapema na kuwa mwekundu ni dalili ya jogoo. Lakini upanga mdogo na uliopauka SIO dalili ya tetea. Ni dalili kwamba hujui. Kijogoo anaweza kuchelewa kwa sababu nyingi: ana minyoo, alipata ugonjwa akiwa mdogo, chakula hakimfikii vizuri, au kuna majogoo wengine wenye nguvu wanaomkandamiza bandani. Huyu wa mwisho ni mjanja kweli. Anajikunja, anakaa pembeni, hawiki, upanga wake haukui haraka. Ukitoa wale wababe, au ukimpeleka yeye Dodoma ambako hakuna anayemtisha, ndani ya wiki chache anafunguka. Ndicho kilichotokea. Mimi nilitoa wababe 18, nikawapa nafasi wale waoga, halafu nikawauza kama wasichana.

Sasa tuje kwenye umri mmoja mmoja, nikieleza kipi unaweza kukiona na kipi huwezi.

Kifaranga wa siku moja. Kwa kuku wa mayai wa kisasa, kama ISA Brown au Lohmann Brown, wanaototolesha wanajua jinsia siku hiyohiyo kwa rangi: majike wanatoka kahawia, madume wanatoka njano iliyopauka. Wazazi wao walichaguliwa ili iwe hivyo. Ndiyo maana boksi la kuku wa mayai linauzwa likiwa majike. Lakini usichukue kanuni hiyo ukaileta kwa chotara au kienyeji wako. Kifaranga wa kienyeji akiwa kahawia ni kahawia tu, hana maana nyingine.

Kuna ile video inayozunguka ya kufungua bawa la kifaranga na kuangalia manyoya: kwamba yale marefu ya chini yakiwazidi wenzao wa juu, ni jike, yakilingana, ni dume. Video haidanganyi, ila haisemi yote. Njia hiyo inafanya kazi kwa vifaranga ambao mama zao ni wa ukoo unaoota manyoya polepole na baba zao ni wa ukoo unaoota haraka. Kampuni hupanga hivyo makusudi. Mayai uliyokusanya mtaani ukayaweka kwenye mashine hayajapangwa na mtu. Ukifungua bawa hapo utaona tofauti, ndiyo, lakini ni tofauti ya ukoo, sio ya jinsia. Na hata kwa wale waliopangwa, ni siku moja mbili za mwanzo tu, baada ya hapo manyoya yote yanakimbizana.

Njia ya kumfungua kifaranga nyuma na kuangalia, ile ya Wajapani waliyoigundua miaka ya 1920, ni ya kweli pia. Ila watu wanaisomea kwa muda mrefu, na mikono isiyojua inaua vifaranga. Wewe na mimi tuiache.

Mengine yote ni hadithi. Yai la mviringo jike, yai lililochongoka dume: hapana. Kumning'iniza kifaranga miguu juu uone kama anainua kichwa: hapana. Kupandisha joto la mashine upate majike wengi: hapana, utapata mayai yaliyokufa. Kwa kuku jinsia inatoka kwa mama, na yai linakuwa limeshaamua kabla hata halijatagwa. (Wale wanaume wanaowalaumu wake zao kwa kuzaa mabinti watupu, wangekuwa wanafuga kuku wangekuwa na hoja.)

Kuanzia wiki ya tatu mpaka ya tano kuna dalili ndogondogo. Kwa chotara wengi, vijike huvaa manyoya mgongoni na mabegani mapema, wanaonekana nadhifu, na kamkia kanatokea. Vidume vingi vinakuwa na mgongo mtupu mtupu, mkia kama kisiki, miguu minene. Hizo zichukue kama minong'ono tu. Usitoe pesa ya mtu kwa minong'ono. Na vile vifaranga kuvimbiana vifua na kurukiana, wote wanafanya, majike kwa madume, usiseme "huyu mkali lazima jogoo".

Wiki ya sita mpaka ya tisa ndo kipindi cha hatari kwetu wauzaji. Wateja wanaupenda umri huu kwa sababu kuku ameshapita hatari ya baridi, chanjo za mwanzo zimepita, na bei haijapanda. Na sisi tunaupenda kwa sababu bado hajala chakula kingi. Majogoo wa mbele wanaonekana: upanga umekuwa mnene na mwekundu, ndevu zile za chini ya mdomo zimeanza kushuka, miguu minene, anasimama wima. Kama ni wa rangi za kienyeji, utaona mabegani mwake rangi inawaka, nyekundu au ya dhahabu, vipande vipande kama mtu aliyeanza kupaka rangi akaishia njiani. Huyo mtoe, hakuna ubishi. Lakini waliobaki, nimeshasema, hujui. Una jogoo waliojionyesha na una kuku ambao hawajasema. Huna matetea.

Wazee wetu walikuwa na majina mazuri: pora ni jogoo mchanga, tembe ni kuku jike ambaye hajataga. Siku hizi sote tunaandika "matetea" hata kwa kuku wa wiki sita. Sina ugomvi na jina. Ugomvi wangu ni na umri.

Subiri wiki ya 12. Hapa ndo manyoya yanaanza kusema, na manyoya hayaogopi wababe bandani kama upanga unavyoogopa. Mpaka umri fulani kuku wote, dume na jike, wanavaa manyoya ya utotoni ambayo yanafanana. Yakianza kudondoka na mapya kuota, yanakuja ya kiume au ya kike. Kwa chotara wengi kuanzia wiki ya 10 utaona dalili, na wiki ya 12 mpaka 14 unaweza kukagua kwa uhakika.

Mshike kuku kwenye mwanga wa jua, sio ndani ya banda. Mlaze kwenye mkono, kichwa kikitazama nyuma yako. Sehemu ya kwanza ni kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Yapitishe manyoya kati ya vidole uangalie ncha zake. Ya jike ncha yake ni ya mviringo, kama ncha ya kijiko. Ya dume ni membamba, marefu, yamechongoka kama jani la mchaichai, na mara nyingi yanang'aa. Usiangalie rundo zima kwa mbali. Tafuta yale MAPYA, ambayo mara nyingi yanachungulia katikati ya ya zamani. Unyoya mmoja mmoja uliochongoka kiunoni unatosha kumhukumu. Sehemu ya pili ni shingoni, kwa nyuma: hapo pia ya dume yamechongoka, ila shingoni inahitaji jicho lililozoea maana hata ya jike ni membamba kiasi. Kiuno ndo shahidi wangu mkuu. Sehemu ya tatu ni mkia. Baadaye jogoo anaota yale marefu yaliyopinda kama mundu, ila ukisubiri hayo umeshachelewa, hata mtoto anajua ni jogoo.

Kwa hiyo angalia tofauti ya kazi unayofanya. Kwa upanga unasema "sijaona ujogoo". Kwa manyoya unasema "nimeona manyoya ya kike yaliyokomaa". La pili ndo unaloweza kumuuzia mtu.

Sasa wale kuku wetu wenye mambo yao. Kishingo hana manyoya ya shingoni, kwa hiyo shahidi wa pili hayupo, nenda kiunoni moja kwa moja. Kidimu manyoya yamejikunja, ncha hazisomeki vizuri, huyo mpe wiki zaidi. Bukini hana mkia, na kiuno chake kinachanganya, angalia zaidi shingo. Mwenye kishungi kichwani, upanga wake unafichwa, usijisumbue nao. Na kuchi, ambaye wengi mnamuuza kwa bei kubwa, upanga wake ni mdogo na mfupi kwa wote, dume na jike. Ukitumia upanga kwa kuchi utauza jogoo la maana kwa bei ya tetea, na hapo utakayelia ni wewe, sio mteja. Kwa kuchi angalia kiuno, mwili na miguu.

Weupe na weusi watupu rangi haikusaidii chochote. Wale wa milia ya kijivu, mara nyingi dume huonekana mweupe zaidi na jike mweusi zaidi, lakini wakishachanganyika na damu nyingine usiapie.

Na kuna mtego wa upande wa pili. Kuku akifikisha miezi minne na nusu, mitano, tetea anayekaribia kutaga naye upanga unakuwa mwekundu, ndevu zinashuka kidogo. Nimeona watu wanamchinja wakidhani ni jogoo. Mguse kiuno, soma manyoya. Kuwika nako, ukisikia mmoja anawika basi huyo ni jogoo karibu mara zote, tetea kuwika ni kitu cha nadra sana. Ila asiyewika hajathibitisha kitu. Kipi, ule mwiba wa mguuni, na wenyewe usiutegemee kwa umri huu: wote wanakuwa na kidoa kidogo, na wa jogoo unachelewa kurefuka.

Baada ya somo la Dodoma nilibadilisha utaratibu wangu hivi.

Kila Jumapili jioni nakagua. Wiki ya sita naanza kuwafunga alama mguuni. Natumia vile vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya, vya rangi: nyekundu jogoo, njano sijui. Nyeupe ni tetea, na hakuna anayevaa nyeupe kabla ya wiki ya 12. Acha nafasi ya kidole kidogo kupita, na kila ukaguzi angalia kama imebana, maana miguu ya majogoo inanenepa haraka na plastiki haionei mtu huruma. Mmoja wangu alivimba mguu kwa uzembe wangu, nikamuuza kwa hasara. Majogoo wakishajulikana nawatenga banda lao. Hii ina faida mbili: matetea wanakula kwa amani, na wale waoga wenye njano wanafunguka haraka kwa sababu wababe hawapo. Yaani ukitenga mapema, wanaojificha wanajitaja wenyewe.

Nikawa na namba pia. Namba naiandika kwa kalamu isiyofutika kwenye kifungio, na kwenye daftari naandika namba, tarehe niliyoona dalili, dalili gani. Daftari la shilingi 1,000. Mteja akiuliza "una uhakika?" simjibu "sana tu". Namwambia namba 14, nimemkagua mara tatu, manyoya ya kiunoni ya mviringo, nakutumia video.

Kuhusu picha. Picha ya kuku 20 wamekusanyika kwenye chakula inapendeza kwenye status lakini haimwambii mteja chochote. Tena simu nyingi siku hizi zinaongeza rangi zenyewe, upanga uliopauka unatoka mwekundu na manyoya yanang'aa kuliko yalivyo. Piga asubuhi au alasiri, nje, bila kichujio cha urembo. Video ya sekunde 20 kwa kila kuku inatosha: kichwa kwa ubavu, halafu mkono mmoja unafunua manyoya ya kiunoni karibu na kamera, halafu namba ya mguuni. Bando linaliwa, ndiyo. Kurudisha pesa kunakula zaidi.

Na lugha ya tangazo. Mimi sasa nina matangazo ya aina tatu na bei tatu. Wa wiki nne naandika "MCHANGANYIKO, jinsia haijulikani, hachaguliwi". Mteja akisema "dada nichagulie matetea hapo", namjibu kwamba siwezi na hakuna anayeweza, na akimpata anayeweza amuulize atarudisha pesa ngapi akikosea. Wa wiki nane naandika "majogoo waliojionyesha wameshatolewa, waliobaki wengi ni matetea ila majogoo wachache wanaweza kuwemo". Bei yake ni ya katikati. Utashangaa, watu wananunua vizuri tu, kwa sababu wameambiwa ukweli na wanapanga hesabu yao. Wengine wanaagiza 25 wakitaka 20. Wa wiki 13 kwenda juu ndo naandika "MATETEA, amekaguliwa mmoja mmoja, akitokea jogoo nabadilisha kwa gharama yangu". Bei iko juu, nimelisha wiki tano zaidi. Mteja akilalamika bei namwambia chagua: unalipia kuku au unalipia uhakika?

Kwa wewe unayenunua kwa jumla ili uuze tena, usikubali neno "matetea" la mtu bila kugusa. Fungua boksi kabla ya kulipa, shika kuku wawili watatu wa katikati, sio wa juu waliopangwa. Kama ni wa wiki saba na muuzaji anaapa ni matetea watupu, muulize alitoa majogoo wangapi kwenye kundi la wangapi. Akishindwa kukupa namba mbili hizo, nunua kwa bei ya mchanganyiko au acha.

Turudi Dodoma nimalizie hesabu. Nilimwambia mama auze wale majogoo tisa hukohuko. Akawauza 15,000 kila mmoja, 135,000. Akakata 40,000 ya chakula alichowalisha, haki yake kabisa, akanitumia 95,000. Mimi nikamtumia matetea tisa wa umri uleule, ambao hapa ningewauza 20,000 kila mmoja, yaani 180,000, na usafiri 18,000 nikalipa mimi. Jumla imenitoka 198,000, imerudi 95,000. Nimepoteza 103,000. Faida yangu kwenye wale 20 wa kwanza ilikuwa 4,000 kwa kuku, 80,000. Kwa hiyo biashara nzima niliifanya kwa hasara ya 23,000, wakati wale majogoo ningewatenga na kuwauza hapa kwa jina lao halisi nisingepoteza kitu. Jogoo si hasara. Mwisho wa mwaka na kwenye sikukuu za Idi anatafutwa kwa tochi. Hasara ni jogoo aliyeuzwa kwa jina la tetea.

Na hiyo ni pesa inayohesabika. Kwenye kikoba chao walikuwepo akina mama wengine watatu waliokuwa wameshaniulizia kuku. Baada ya ile sauti ya majogoo kuzunguka kwenye kundi lao, hakuna aliyepiga simu tena.

Yeye mwenyewe alirudi mwaka jana, akataka 15. Safari hii alisema, "Nitumie video ya kila mmoja, na namba." Nikatuma 15. Akakaa siku nzima bila kujibu, jioni akaandika kwamba amewakubali 14, namba 8 hamtaki, upanga wake mwekundu mno, hamwamini. Nilikuwa nimemkagua namba 8 mara nne na kiuno chake kilikuwa cha kike bila wasiwasi, lakini sikubishana, nikamtumia mwingine. Namba 8 akabaki bandani kwangu. Wiki saba baadaye alikuwa wa kwanza kutaga katika kundi zima, nikalipiga picha lile yai, nikamtumia.

Alijibu kwa sauti ya kucheka, halafu akauliza kama bado nauza.